HISTORIA YA REDIO YA KANISA INAYOSIKIKA KALIMONI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Utangulizi

Katika toleo hili nimeona nikueleze habari za kitu ambacho karibu kila mmoja wetu amekisikia, lakini ni wachache wanaojua kilitoka wapi. Kitu hicho ni redio ya Kanisa Katoliki iitwayo Radio Waumini, inayosikika katika masafa ya 88.3 FM.

Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati moja ambayo wenzetu wa bweni hawana. Wao hawaruhusiwi kuwa na redio. Sisi asubuhi tukitoka nyumbani twaikuta jikoni, twaikuta kwa fundi cherehani, twaikuta hotelini kwa mama wa chapati. Huku moja yaleta nyimbo, huku nyingine habari, na kule kwa mzee fulani rozari inasalishwa. Ukiuliza, "Hii redio ilianza lini, na kwa nini?" utajibiwa, "Aa, hiyo ilikuwako tangu zamani!" Kumbe si zamani sana. Wazazi wetu wengi walikuwa wameshakuwa watu wazima ilipoanza.

Makala haya si mahubiri. Katika darasa letu mna Wakatoliki, mna wa makanisa mengine na mna Waislamu pia. Nawaandikia nyote, kwa maana historia ya redio hii ni sehemu ya historia ya nchi yetu, na hata ya lugha yetu ya Kiswahili. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini asiyejua sauti imetoka kwa nani naye anaweza kuvunjika shingo.

Kalimoni na watu wake

Kwa msomaji wa mbali, Kalimoni ni wadi katika eneo bunge la Juja, Kaunti ya Kiambu, katikati ya Ruiru na Thika. Kutoka Nairobi ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu hivi. Tangu Barabara Kuu ya Thika ilipokamilika mwaka wa 2012, mtu hufika upesi, ikiwa hakuna msongamano wa magari. Jirani yetu mkubwa ni Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanzishwa mwaka wa 1981. Hapa kwetu kuna parokia ya Kikatoliki na hospitali ya misheni.

Zamani nchi hii ilikuwa mashamba makubwa ya kahawa na mkonge. Watu walikuja kufanya kibarua kutoka pande nyingi. Ndiyo maana leo ukisimama kwenye foleni ya maji utasikia Kikikuyu, Kikamba, Kiluhya na Kijaluo, kisha watu wote wakakutana katika Kiswahili. Siku hizi mashamba mengi yamekatwa ploti, nyumba za kupanga zinaota kama uyoga, na wageni wanazidi kuja. Kiswahili nacho kinazidi kutumika.

Misheni za Kikatoliki nazo zina mizizi mirefu upande huu. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Zanzibar mwaka wa 1863, wakaweka kituo Bagamoyo mwaka wa 1868, na mwaka wa 1899 wakafika Nairobi. Shule ya Upili ya Mang'u, ambayo sote twaijua hapa Thika, ilianzishwa na mapadri hao hao mwaka wa 1925 huko Kabaa, Machakos, ikahamia Mang'u mwaka wa 1940. Mmoja wao aliyeishi pwani, Padri Charles Sacleux, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapishwa mwaka wa 1939. Basi Kiswahili na Kanisa vilijuana siku nyingi kabla ya kipaza sauti kuja.

Redio kabla ya redio ya Kanisa

Redio ilifika Kenya mwaka wa 1928. Hapo mwanzo ilikuwa ya walowezi, kwa Kiingereza, ili wapate habari za kwao Uingereza. Mwafrika hakuhesabiwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza mwaka wa 1939, vijana wengi wa Kiafrika walichukuliwa kupigana mbali, na serikali ikaona haja ya kuwatangazia jamaa zao habari kwa Kiswahili na lugha nyingine. Kwa hiyo Mwafrika aliletewa redio kwanza kwa sababu ya vita, si kwa sababu ya mapenzi.

Mwaka wa 1961 kituo cha taifa kilipewa jina la KBC. Mwaka wa 1964, baada ya Uhuru, serikali ikakichukua na kukiita Sauti ya Kenya, wengine wakisema VOK. Mwaka wa 1989 jina la KBC likarudi. Miaka hiyo yote mwenye redio alikuwa mmoja, yaani serikali.

Hatuwezi kupita hapa bila kumtaja gwiji wa Kiswahili, marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka wa 1966, na kiliwafunza adabu babu zetu, wazazi wetu na hata sisi. Lakini Mbotela ana fundisho jingine pia. Tarehe 1 Agosti 1982, askari waasi wa jeshi la anga walimlazimisha atangaze hewani kwamba serikali imepinduliwa. Mapinduzi yalishindwa. Hata hivyo, tazama walichokikimbilia: walitaka kipaza sauti. Mwenye kushika redio alidhaniwa ameshika nchi.

Na Kanisa je? Duniani, Kanisa Katoliki lilikuwa na redio mapema. Tarehe 12 Februari 1931, Papa Pio wa Kumi na Moja alifungua Redio Vatikani. Mitambo yake ilijengwa na Guglielmo Marconi, yule Mtaliano ambaye jina lake tunalisoma katika somo la fizikia. Mwaka wa 1961 Redio Vatikani ikaanza matangazo ya Kiswahili. Mwenye redio ya masafa mafupi aliweza kukaa hapa kijijini, akazungusha kidude polepole, na katikati ya mikwaruzo akasikia Kiswahili kutoka Roma. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati kuhusu vyombo vya habari, ikiwahimiza Wakatoliki wavitumie. Tangu mwaka wa 1967 kukawa na siku maalumu ya Kanisa ya kuadhimisha mawasiliano kila mwaka.

Lakini hapa Kenya, Kanisa halikuwa na kituo chake. Lilipewa nafasi katika redio ya serikali, kama vile ibada ya Jumapili, kwa zamu na makanisa mengine. Maaskofu wakiwa na neno zito kwa taifa, waliandika waraka, nao ukasomwa kanisani. Usipokwenda kanisani Jumapili hiyo, hukuusikia. Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja Kenya mara tatu, mwaka wa 1980, 1985 na 1995, na mara zote tatu aliyetaka kumfuata kwa redio alitegemea mitambo ya serikali.

Milango yafunguliwa

Mambo yalibadilika katika miaka ya 1990. Baada ya siasa za vyama vingi kurudi, watu walianza kudai pia redio nyingi. Mwaka wa 1996 Capital FM ikaanza Nairobi, ikiwa miongoni mwa vituo vya kwanza vya watu binafsi. Sheria ya mawasiliano ilipitishwa mwaka wa 1998, na mwaka wa 1999 ikaundwa tume ya kugawa masafa, ambayo leo inaitwa Mamlaka ya Mawasiliano. Mwaka wa 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikikuyu. Watu wa hapa kwetu waliipenda mno. Kwa mara ya kwanza waliweza kusikia lugha ya nyumbani kutwa nzima.

Majirani wetu wa Tanzania hawakulala. Mwaka wa 1996 Radio Maria ilianza huko Songea. Radio Maria ilizaliwa Italia katika miaka ya 1980 kutokana na redio ndogo ya parokia, na haichukui matangazo ya biashara. Inaishi kwa michango ya wasikilizaji na kazi za kujitolea. Siku hizi ipo Kenya pia, na kituo chake kiko Murang'a, jirani zetu kabisa.

Radio Waumini yazaliwa

Ndipo mwaka wa 2003 Radio Waumini ilipoanza kusikika. Mwenye kituo ni Baraza la Maaskofu Katoliki wa Kenya, na makao yake yakawa Waumini House, Westlands, Nairobi. Rais wa nchi alikuwa Mwai Kibaki, aliyesoma pale Mang'u, na Askofu Mkuu wa Nairobi alikuwa Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki. Mwaka huo huo, Septemba, Kadinali Maurice Otunga, Mkenya wa kwanza kuwa kadinali, alifariki. Kizazi kimoja kilikuwa kinaondoka, chombo kipya kinaingia.

Kwa nini maaskofu walihangaika na redio? Mimi naona sababu tatu. Kwanza, ni wingi wa watu. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, Wakatoliki wa Kenya walikuwa zaidi ya milioni 9.7, yaani mtu mmoja kati ya watano. Padri hawezi kufika kwa kila mmoja. Pili, ni wale wasioweza kufika kanisani, kama wagonjwa, wazee, mabawabu wa usiku, na yaya aliyeachwa na mtoto. Tatu, ni uhuru wa kusema. Anayeazima kipaza sauti cha mwenyewe husema kwa kipimo cha mwenyewe.

Kituo hiki kilichagua Kiswahili na Kiingereza. Wanachama wenzangu, hapo ndipo pa kupigia makofi. Redio nyingi za wakati huo zilikuwa zikikimbilia lugha za mama, na kibiashara hilo lilikuwa na faida. Kanisa likaenda kwa lugha ambayo Mkamba na Mkikuyu wa hapa Kalimoni wanaisikia pamoja, bila mmoja kumtafsiria mwenzake.

Hebu tulitazame na jina lenyewe. "Waumini" ni wingi wa "muumini", mtu mwenye imani. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na jamaa zake katika Kiswahili ni wengi: imani, amini, amana, hata amani. Rafiki yangu mmoja Mwislamu alicheka akaniambia, "Hiyo redio mmeipa jina letu!" Ni kweli, msikitini nao husema waumini. Neno moja lahudumu nyumba mbili, wala halijachoka. Hata neno "idhaa" limetoka Kiarabu, "padri" limetoka Kireno, na "redio" ni la Wazungu. Ukifungua redio dakika tano tu, umekwisha kuzunguka Bahari ya Hindi nzima.

Majimbo mengine ya Kanisa nayo yakaanzisha vituo vyao: Radio Amani huko Nakuru, Radio Jangwani huko Marsabit, Radio Akicha huko Lodwar. Kule Marsabit na Turkana, ambako magazeti huchelewa na barabara ni ndefu, redio ya namna hii ndiyo huleta habari za mvua, chanjo za watoto na bei ya mifugo. Si sala tu.

Sauti inafikaje mpaka Kalimoni?

Wengine huuliza, "Mtu akiongea Westlands, mimi nitamsikiaje hapa?" Tujaribu kueleza bila kuchosha.

Mtangazaji akisema, sauti yake hutikisa hewa. Kipaza sauti hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme. Umeme huo hupelekwa kwenye mitambo ya kurushia matangazo, na mitambo huuchanganya na wimbi la redio. Mnara hulitupa wimbi hilo angani. Redio yako hulinasa, hulichambua, hutupa wimbi na kukubakizia sauti. Mambo hayo yote hutendeka kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde.

Masafa ya 88.3 maana yake ni megahezi 88.3, yaani wimbi hutikisika mara milioni 88.3 kwa sekunde. Ukiichukua kasi ya mwanga ukaigawa kwa idadi hiyo, utapata urefu wa wimbi moja: mita 3.4 hivi. Robo yake ni sentimita 85. Sasa chukua redio ndogo, uvute antena yake yote, uipime. Utaona inakaribia urefu huo. Si bahati tu, mafundi walipiga hesabu. Antena ikivunjika, watu hufunga kipande cha waya au hanga la nguo, na redio huitikia.

Wimbi la FM hupendeza kwa sauti safi, lakini lina tabia moja: husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Halipandi mlima likashuka upande wa pili. Mtu akisimama juu ya mnara wa mita 100 katika nchi tambarare, macho yake hufika kilomita 36 hivi kabla ya dunia kujipinda, na wimbi la FM hufika mbali kuliko hapo kidogo tu. Kwa hiyo huku juu kwetu redio yasikika vizuri, lakini ukiteremka bondeni mtoni inakwaruza, na pengine kituo kingine kinaingilia. Mawimbi ya masafa mafupi ni tofauti. Hayo hupaa hadi tabaka la juu la anga, yakagonga na kurudi chini. Ndiyo sababu Redio Vatikani iliweza kusikika kutoka ng'ambo ya bahari, ilhali kituo cha Nairobi kinaweza kupotea bondeni.

Nafasi ya FM nayo ni finyu. Yote huanzia 87.5 hadi 108. Ni kama barabara yenye leni zilizohesabiwa: leni ikishapewa mtu, mwingine hana budi kungoja. Ndipo ukaona kupata masafa Nairobi si mchezo.

Mwaka ambao redio ilikuwa kanisa na shule

Msomaji, kama kuna mwaka ulioonyesha redio ni nini, ni mwaka wa 2020. Mwezi wa Machi ugonjwa wa Korona ulipoingia, shule zilifungwa, kisha makanisa na misikiti. Mimi nilikuwa darasa la tano.

Kwanza ilikuwa kama likizo. Baada ya wiki chache ikawa kero. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilikuwa ikileta masomo kwa redio kupitia KBC. Wenye simu kubwa na bando walisoma kwa simu. Sisi tulikuwa na redio ya nyanya, ambaye nyumbani twamwita cucu. Asubuhi ilikuwa ya masomo yangu, jioni ilikuwa ya rozari yake, na betri ilikuwa ya kila mtu. Betri zikilegea tulizianika juani, zikapata nguvu kidogo, tukasikiliza nusu saa nyingine.

Mwezi wa Julai 2020 maabadi yaliruhusiwa kufunguliwa, lakini kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na walioruhusiwa ni wa umri wa miaka 13 hadi 58. Mimi nilikuwa na miaka 11. Cucu alikuwa amepita sabini. Basi wazazi wangu walikwenda Misa, mimi na cucu tukabaki. Yeye alichuma kahawa katika mashamba haya tangu ujana wake, na hakumbuki Jumapili aliyokosa kanisa ila kwa ugonjwa au uzazi. Jumapili ile alivaa nguo yake ya kanisani, akafunga kitambaa, akakaa kwenye kigoda mbele ya redio. Padri alipowaalika watu wasimame, alisimama. Alipowaalika wakae, alikaa. Mimi nikaona aibu kubaki nimelala kitini, nikasimama naye.

Nilimwuliza, "Cucu, padri hakuoni, mbona wasimama?" Akanijibu, "Wewe unafikiri hata nilipokuwa kanisani nilisimama ili padri anione?"

Mwishoni mwa Machi mwaka huo, Askofu Mkuu Ndingi, ambaye wakati wake redio hii ilianza, alifariki. Mtu ambaye maziko yake yangejaza uwanja alizikwa na watu wachache mno, kwa sababu ya ugonjwa. Wengine wote, kina cucu wote wa nchi hii, walimwaga kwa masikio.

Kisu kile kile

Ni lazima tuseme ukweli pia. Redio ni kama kisu. Chakata mkate, na chaweza kukata mtu. Nchini Rwanda, kituo kiitwacho RTLM kilianza kutangaza mwaka wa 1993, na mwaka wa 1994 kikawachochea watu kuua jirani zao. Mwezi wa Desemba 2003, mwaka ule ule wa kuzaliwa kwa Radio Waumini, mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu wakuu wa vyombo vya habari vya Rwanda kwa makosa hayo. Hapa Kenya, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliyotoa ripoti mwaka wa 2008 ilisema kwamba baadhi ya redio za lugha za mama zilisaidia kueneza chuki.

Sisemi lugha za mama ni mbaya. Mimi mwenyewe nazungumza na cucu kwa Kikikuyu, na Kiswahili nacho chaweza kutukana vizuri tu. Nasema hivi: anayetangaza kwa lugha ambayo jirani anaielewa hana budi kupima maneno, kwa kuwa jirani anasikia. Katika mtaa kama wetu, wenye watu wa kila kabila, hiyo ni kinga.

Je, redio imepitwa na wakati?

Katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, hoja ilikuwa, "Simu imeiua redio." Waliounga mkono walishinda, na baadhi ya hoja zao zilikuwa na uzito. Vijana wengi hawamiliki redio. Nyimbo ziko kwenye simu, habari ziko kwenye simu, hata Misa iko kwenye simu. Vipindi vya redio ya Kanisa huonekana vya wazee. Tena kituo cha Kanisa ni cha Kanisa: usitarajie kukisikia kikiwapinga maaskofu wake. Na fedha ni shida, maana mitambo hula umeme mchana na usiku, kuwe na matangazo ya biashara au kusiwe.

Lakini na upande wa pili usikilizwe. Katika hesabu ya mwaka wa 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa na redio, ilhali zenye intaneti hazikufika nyumba moja kati ya tano. Redio haidai bando, haiulizi nywila. Asiyejua kusoma anaielewa, na asiyeona pia. Tena redio ina mtu wa kuulizwa. Uongo ukirushwa kwa simu, huwezi kumjua aliyeuanzisha. Ukirushwa kwa redio, kuna kituo, kuna leseni, kuna jina la mtangazaji. Mwenye leseni huogopa kuipoteza.

Kwa hiyo mimi naona swali la kuuliza ni hili: siku redio ya namna hii ikinyamaza, ni nani atakayebaki bila sauti? Mwanafunzi mwenye simu hatabaki. Atakayebaki ni yule mzee wa chumba cha mwisho katika ploti, ambaye watoto wake wako mbali, na ambaye redio ndiyo humwambia, "Hujambo, leo ni Jumanne."

Tamati

Tumeona, msomaji, kwamba redio ilikuja Kenya kwa ajili ya wachache, ikawa ya serikali, kisha milango ikafunguliwa, na mwaka wa 2003 Radio Waumini ikaingia. Papa Fransisko alipotutembelea Novemba 2015, Kanisa tayari lilikuwa na kipaza sauti chake lenyewe. Na mwaka wa 2020, watu waliokatazwa kuingia kanisani waliletewa kanisa nyumbani.

Nawaomba mambo mawili. La kwanza, vijana wenzangu tuandikie vituo hivi, tupeleke mashairi, vitendawili na michezo ya kuigiza kwa Kiswahili safi. Vipindi vikiwa vya wazee tu, kosa ni letu pia. Haba na haba hujaza kibaba. La pili, kama nyumbani kwenu kuna mzee mwenye redio, mwulizeni alisikia nini na lini, kisha andikeni. Historia ya redio ni ya ajabu, kwa sababu karibu yote ilisemwa ikapotea hewani. Iliyobaki imo vichwani mwa wazee wetu, nao hawatukai milele.

Chama cha Kiswahili, hoyee!